Mzunguko Mmoja wa Mzee Kajiru

Hapo zamani, wala si zamani ya mazimwi na majitu, ni zamani ya juzijuzi tu ambayo baadhi yenu mlikuwa mmeshazaliwa, alikuwapo mkulima wa tangawizi katika mlima wa Kindorwe. Jina lake Mzee Kajiru. Mlima wenyewe umesimama wima kama ukuta. Mwenyeji wa huko akikwambia "ni hapo tu chini", tafuta fimbo kwanza. Na Mzee Kajiru alikuwa mtu wa kuupanda na kuushuka mlima ule na gunia kichwani, huku anapiga mluzi. Ngoma ikilia popote, yeye yupo. Akicheza, mabega yake yalitetemeka kivyake na kiuno kikaenda kivyake, na wanawake waliokuwa wakipita na ndoo za maji walizitua chini wakatazama.

Basi siku moja akaanguka shambani. Wakambeba hadi hospitali ya Kindorwe. Wakampima, wakakuta presha. Wakampima tena, wakakuta sukari. Tabibu wa hospitali ile, kijana mmoja mrefu aitwaye Mbonea, akampa dawa, akamshika bega kwa huruma, akamwambia:

"Mzee wangu, sasa upumzike."

Neno hilo tu. Upumzike. Hakusema apumzike kiasi gani, hakusema mpaka lini, hakusema apumzike vipi. Na watu wa nyumba ya Mzee Kajiru walikuwa watiifu. Wakalishika neno lile kama amri ya serikali.

Akishika kata achote maji: "Baba Nakunda, upumzike!" Huyo mkewe.

Akishika jembe: "Kaka, umeambiwa upumzike!" Huyo mdogo wake, Mgonja.

Akiinuka kwenda msalani, wapwa wanakuja mbio, mmoja kwapa hili, mwingine kwapa lile. Pakawekwa kiti uani. Asubuhi kiti kinahamishiwa juani, mchana kinarudishwa kivulini, na Mzee Kajiru yumo humo kama gunia linalongoja mnunuzi.

Alipumzika mwezi, akapumzika miezi. Miguu ikakonda, tumbo likanenepa. Yule aliyepanda mlima akipiga mluzi, sasa akisimama kufunga shuka vizuri anahema kama aliyefukuzwa na nyuki. Mkewe akimwona anahema anasema, "Unaona? Hujapumzika vya kutosha." Wanamwongezea mto.

Sasa, Mzee Kajiru alikuwa na binti, kitindamimba wake, Nakunda. Nakunda akaposwa na kijana wa Mghanda. Mghanda iko ng'ambo ya ukingo wa mlima. Gari halifiki, na pikipiki ikifika ni kwa kubebwa. Na desturi ya watu wale ni kwamba baba humpeleka bintiye kwa miguu yake mwenyewe, njia nzima, hadi kizingiti cha wakwe, amkabidhi mkono kwa mkono.

Ukoo ukakaa. Ukasema, "Mgonja ndiye atakayempeleka Nakunda. Mzee Kajiru apumzike."

Mzee Kajiru akaitikia kwa kichwa. Kisha akainama, akajifanya anatafuta kitu chini ya kiti, akatafuta kwa muda mrefu. Nakunda alikuwa akimtazama. Akajua baba yake hatafuti kitu.

"Harusi isogezwe mbele," Nakunda akasema. "Nitamngoja baba."

"Utamngoja mpaka lini, mwanangu?" mama yake akauliza.

Na katika miezi yote ile hakuna aliyemwona mtu yeyote akipona katika kiti kile.

Basi, siku zilezile akapanda mlimani daktari mmoja kutoka mjini, Daktari Rukaiya. Mwanamke mfupi, viatu vya raba miguuni, sauti ya kusikika uwanja mzima. Alikuja kuwafundisha waganga na wauguzi wa hospitali ya Kindorwe jambo moja tu: kumpa mgonjwa mazoezi bila kumdhuru. Akaomba aletewe mgonjwa wa kweli, wasijifunze kwa maneno matupu. Tabibu Mbonea akamkumbuka Mzee Kajiru.

Wakamleta. Mnajua walivyomleta? Na kiti chake. Wapwa wanne wamekibeba mabegani, na yeye juu, na kofia yake, kama sultani anayekwenda kukagua mipaka. Watu njiani wakampungia mikono. Naye aliona haya hata akaivuta kofia ikafunika macho.

Wakamtua mbele ya darasa. Akawaona wamekaa kwenye mabenchi kama watoto wa shule: Tabibu Mbonea, Matroni na wauguzi wake, na wengine. Daktari Rukaiya akawauliza:

"Nani kati yenu huwaambia wagonjwa wafanye mazoezi?"

Mikono yote juu.

"Mnawaambia mazoezi gani?"

Wakatazamana. Mmoja akasema, "Tunawaambia tu, mfanye mazoezi."

"Na mgonjwa akija na malaria mnamwambia, 'Kunywa dawa'? Dawa ipi? Dawa tu! Kiasi gani? Utajijua mwenyewe!"

Darasa likacheka. Mzee Kajiru naye akacheka, akahema, akacheka tena.

"Mazoezi ni dawa," Daktari Rukaiya akasema, "na dawa ina kipimo. Ikizidi inaumiza, ikipungua haitibu, na kumnyima anayeihitaji nako ni kumuumiza. Kwa hiyo shikeni haya, myaimbe mkitaka. Uliza kwanza. Anza kidogo. Ongeza polepole. Jua pa kusimama."

Wakaitikia kwa pamoja: "Uliza kwanza! Anza kidogo! Ongeza polepole! Jua pa kusimama!"

Mzee Kajiru akayapenda maneno yale. Yalikuwa na mapigo ya ngoma ndani yake.

"Haya. Huyu hapa mzee wetu. Ana presha, ana sukari, amekaa muda mrefu. Nani atamwandikia mazoezi, aweke na sahihi yake?"

Mmoja akaangalia kucha zake. Mwingine akakumbuka ghafla kuna mtoto wa kuchomwa sindano. Matroni, mama mzito mwenye miaka mingi ya kazi, akasema wazi:

"Daktari, akianguka njiani je? Sahihi ni yangu, maiti ni yangu."

Ndipo Tabibu Mbonea akasimama. Uso umemwiva.

"Mimi ndiye niliyemwambia apumzike," akasema. "Sikumwambia kingine. Akianguka njiani nitalaumiwa, sawa. Lakini akifia kitini hakuna atakayenilaumu, na kosa litakuwa langu vilevile. Nitaandika mimi."

Akamjia Mzee Kajiru, akapiga goti ili wawe macho kwa macho. Akamuuliza. Unaumwa kifua? Unapata kizunguzungu? Unahema ukilala? Akampima presha, akausikiliza moyo, akampeleka kwenye kipimo cha moyo, akarudi, akauliza tena. Kisha akamuuliza swali ambalo Mzee Kajiru hakuwa ameulizwa tangu aanguke:

"Mzee, wewe mwenyewe unataka nini?"

"Nataka kumpeleka binti yangu Mghanda," Mzee Kajiru akasema. "Kwa miguu yangu."

Vichwa vyote vikageukia ukingo wa mlima, maana wote waliijua njia ya Mghanda.

Mbonea akaandika: kutoka mlangoni hadi ghala la tangawizi, asubuhi na jioni, kwa mwendo wa mtu anayeweza kuongea lakini hawezi kuimba. Kifua kikibana, simama. Kizunguzungu kikija, kaa, uite watu. Akaweka sahihi.

Na Mzee Kajiru akarudi nyumbani. Kiti kilibebwa, yeye akatembea nyuma ya kiti hatua chache, akapanda, akabebwa, akashuka, akatembea tena.

Siku ya kwanza alifika ghalani mkewe akiwa nyuma yake na mkeka, endapo ataanguka amtandikie. Hakuanguka. Siku zikaenda. Mkewe akaacha mkeka. Akaongezewa njia hadi kisimani, akaongezewa hadi kwa jirani. Anatembea anaongea, "Habari za hapa, habari za kule," na akijaribu kuimba pumzi inakatika, anajua mwendo ndio huo. Shuka ikaanza kufungwa bila kuhema. Usingizi ukawa mtamu. Siku moja mluzi ukamtoka kinywani wenyewe, na mkewe akasimama mlangoni na mwiko mkononi, akasikiliza.

Harusi ikapangwa tena. Na hapo, jamaa zangu, Mzee Kajiru akapata haraka. Akaambiwa afike kwa jirani, yeye anakwenda mpaka shuleni. Akaambiwa mwendo wa kuongea, yeye anakwenda mwendo wa kumfukuza mwizi. Na miguuni amevaa katambuga zake za zamani za tairi, zile za shambani, kwa sababu hizo ndizo zilizoijua njia.

Katika wale waliofundishwa alikuwapo muuguzi mmoja, Sista Namtero. Mwembamba, mpole wa sauti, lakini macho yake hayapiti kitu. Kazi yake ilikuwa kuwafuata wagonjwa wa mazoezi majumbani mwao, aone wanaendeleaje. Akamkuta Mzee Kajiru njiani, jasho linamtiririka, anatabasamu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu! Unaniona? Kijana!"

"Nakuona. Mguu huo wa kushoto unauvuta kidogo."

"Siuvuti. Hauumi hata chembe."

"Vua katambuga, mzee."

"Nimekwambia hauumi."

"Ndiyo maana nataka kuuona. Vua."

Akavua. Chini ya kidole gumba kulikuwa na kidonda kipana, chekundu, kinatoa maji. Mzee Kajiru alikitazama kama anatazama mguu wa mtu mwingine. Hakuwa amesikia kitu. Sukari ilikuwa imezinyamazisha nyayo zake.

Sista Namtero hakupiga kelele. Akasema neno moja.

"Simama."

"Harusi imekaribia!"

"Simama, mzee. Ukiendelea kuukanyagia mguu huu, utaupoteza. Hata hatua ya kwenda kwa jirani, usiende."

Mzee Kajiru akafoka. Alimwambia maneno ambayo baadaye alitamani kuyameza. Kwamba anamwonea wivu. Kwamba yeye ni mtoto mdogo na hana baba wa kumpeleka harusini. Sista Namtero akaosha kidonda, akakifunga, akampeleka hospitali kupewa dawa. Tabibu Mbonea alipouona mguu ule akajishika kichwa.

"Nilisikiliza moyo, nikapima presha," akasema. "Viatu sikumvua."

Sista Namtero akaja kila siku kufunga kidonda. Lakini yeye kazi yake aliiona ni kidonda. Alisema simama, akafunga, akaaga. Hakusema mtu aliyesimamishwa afanye nini. Na Mzee Kajiru, aliyekwisha kuonja mluzi, akarudi kwenye kiti. Safari hii hakuna aliyemrudisha. Alikwenda mwenyewe. Akakigeuza kitazame ukuta, asiione njia. Chakula akakataa. Nakunda akaja akachuchumaa kando yake.

"Baba, nitangoja tena."

"Usingoje, mwanangu. Mgonja ana miguu miwili mizima."

Ikaisha wiki hivyo. Mluzi hakuna. Mkewe akawa anapika ugali unarudi jikoni kama ulivyokwenda.

Ndipo akaja wa tatu, naye alikuwa katika darasa lile: Shaibu, fundi wa viungo wa hospitali, aliyewanyoosha watu mikono na miguu. Mtu wa pwani, mcheshi, tumbo lake mwenyewe limetangulia. Akabisha hodi, akamkuta Mzee Kajiru na ukuta wake. Akamsalimu. Akamsalimu tena, na mzee akazidi kuutazama ukuta.

Shaibu hakubembeleza. Akaomba kiti jikoni, akakiweka kati ya mzee na ukuta, akakaa wakatazamana uso kwa uso, magoti yanakaribia kugusana. Akaanza kupiga paja lake kwa kiganja. Pa-pa, ti-pa. Pa-pa, ti-pa. Akaanza kutikisa mabega. Vibaya! Jamaa zangu, alitikisa vibaya. Alitikisa kama mtu aliyeingiwa na siafu.

Mzee Kajiru alivumilia. Akavumilia. Kisha akashindwa.

"Sivyo hivyo!" akasema.

"Kumbe vipi, mzee?"

"Bega la kulia linatangulia. Kifua kinafuata. Hivi."

"Hivi?"

"Mungu wangu! Hivi!"

Na mabega ya Mzee Kajiru yakaamka. Miguu imepumzishwa juu ya kigoda, kidonda hakiguswi, lakini kuanzia kiunoni kwenda juu ngoma inachezwa. Mikono juu, mikono chini, kifua mbele, kifua nyuma, mpaka jasho jembamba likatoka na maneno yakawa yanatoka mafupimafupi. Mwendo wa kuongea bila kuimba, na yumo kitini!

Kesho yake majirani wakachungulia uzio ili wacheke. Keshokutwa wakaja na viti vyao. Bibi mmoja wa magoti, mzee mwingine wa mgongo, mama mjamzito wa jirani. Uani pakajaa ngoma ya viti. Ugali ukaacha kurudi jikoni.

Lakini Shaibu naye alinogewa. Asubuhi moja ngoma ilikolea, Mzee Kajiru akasema "Ongeza," Shaibu akaongeza. "Ongeza," akaongeza. Mara mikono ya mzee ikaanza kutetemeka, na huo haukuwa mtetemeko wa ngoma. Jasho baridi, midomo myeupe, maneno yamepotea. Shaibu akaruka, akamshika asianguke.

"Mama Nakunda! Amekula nini?"

"Hajala! Amekunywa vidonge vyake vya sukari, akasema ngoma kwanza, uji baadaye!"

Wakamwekea asali mdomoni, kidogo kidogo, akawa anameza, wakamletea chai yenye sukari. Muda si muda macho yakarudi. Shaibu alikaa chini mavumbini.

"Uliza kwanza," akajisemea. "Neno la kwanza kabisa, na sikuuliza."

Tangu siku hiyo hakuna aliyekwenda kwa Mzee Kajiru peke yake na akili yake peke yake. Wote watatu walikaa uani pale wakasemezana. Mbonea akapunguza dawa, akaandika upya. Namtero akamtafutia viatu vyenye nafasi na soksi laini, akamfundisha mkewe kukagua nyayo kila jioni. Shaibu akachora safari ya kurudi njiani: kwanza kitini, kisha kusimama umeshika kiti, kisha ghalani, kisha kisimani. Hakuna mguu bila kuangaliwa, hakuna ngoma bila uji. Kidonda kikafunga. Mzee Kajiru akaomba radhi kwa Sista Namtero, akashindwa kumaliza sentensi, na Sista akamalizia, "Nimesamehe tangu siku ile, baba."

Na siku ya harusi ikafika.

Walianza safari alfajiri. Mbele Mzee Kajiru, amemshika Nakunda mkono, viatu vipya vinalia nyaa, nyaa. Nyuma ukoo mzima. Wanawake wanaimba, vigelegele vinagonga mlima vinarudi. Na Mzee Kajiru peke yake haimbi, maana ameambiwa: mlimani, kuongea tu.

"Baba, umechoka?"

"Naongea, sijachoka."

Palipokuwa pa kusimama, alisimama. Palipokuwa pa kula, alikula. Mgonja, aliyekuwa nyuma yake tayari kushika nafasi, aliona kila kona ya njia inapita na kaka yake bado yuko mbele. Ukingoni kabisa Mgonja ndiye aliyekuwa anahema.

Na pale ukingoni, njia ilipoanza kuteremka na Mghanda ikaonekana chini na moshi wa majiko ya harusi, Mzee Kajiru akavuta pumzi akaimba. Aliimba ubeti mzima. Nakunda alilia mpaka wanja ukamharibu uso, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Wakafika kizingitini. Akamkabidhi mkono kwa mkono. Wakwe wakapokea, wakala, wakanywa, ngoma zikasogezwa karibu na moto, ngozi zikakaza.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye kazi yenu.

Watu wa Mghanda wana jambo lao. Ngoma ya harusi haichezwi mpaka baba wa bibi harusi aifungue. Naye haifungui peke yake. Humshika mkono mtu mmoja, asiye wa damu yake wala wa wakwe, akaingia naye uwanjani. Na mtu huyo, tangu mkono ule, ni ndugu wa nyumba. Ukoo ukikaa, naye anakaa. Mtoto akizaliwa, naye anaitwa. Akifa, anazikwa kama wa ukoo. Mtu mmoja, mara moja.

Wazee wa Mghanda wakamwambia Mzee Kajiru, "Haya, mkwe. Mshike mtu wako."

Mzee Kajiru akageuka. Wale watatu walikuwa wamesimama pamoja karibu na jiko, sahani mkononi: Mbonea, Namtero, Shaibu. Akapiga hatua moja kwenda kwao, akasita.

Mgonja akasema kwa sauti, "Kaka, mshike Tabibu! Darasa zima liliogopa, yeye akaandika. Asingeandika, mpaka leo tungekuwa tunahamisha kiti. Wengine walifuata njia aliyoifungua yeye."

"Na nani aliyesema apumzike?" mtu akapaza sauti. "Na nani hakumvua viatu?"

Nakunda akasema, naye ni bibi harusi, watu wakamgeukia: "Baba, mshike Sista. Mguu huu uliopanda mlima leo ungekuwa umekatwa. Ulimtukana, na kesho yake akaja kukufunga kidonda. Kumwambia mtu aendelee ni rahisi. Kumwambia asimame wakati hataki, nani anaweza?"

"Alimsimamisha akamwacha ukutani," mwingine akasema. "Mguu ulipona, moyo ulikuwa unakufa."

Mkewe, ambaye hasemi mbele za watu, akasogea. "Baba Nakunda, mimi ndiye niliyepika ugali ukarudi. Mshike Shaibu. Hukutaka kuishi, yeye akataka uishi. Dawa imeandikwa, kidonda kimefungwa, lakini wa kuinywa ameshakata tamaa. Hapo dawa inamsaidia nani?"

"Na asubuhi ile ya asali?" Mgonja akasema. "Kidogo tu tungekuwa na matanga."

Watu wakaanza kucheka na kubishana, huyu anavuta huku, yule anavuta kule. Mzee Kajiru akapata wazo, uso ukamng'aa.

"Rahisi!" akasema. "Nitawashika wote. Nitacheza mizunguko mitatu, kila mmoja wake."

Wale watatu wakajibu kwa sauti moja, sahani zikatikisika:

"Hapana, mzee! Mzunguko mmoja, kisha unakaa!"

Maana ndivyo walivyokuwa wamepatana, wakamwambia kabla hajaondoka nyumbani: ukishapanda mlima ule, ngoma ni mzunguko mmoja tu. Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Na wazee wa Mghanda wakasema kwamba hata angekuwa na nguvu za simba, mkono unaofungua ngoma ni mmoja.

"Haya, semeni ninyi basi," Mzee Kajiru akawaomba wale watatu.

Mbonea akasema, "Mimi nilikutia njiani, mzee. Sikatai." Namtero akasema, "Mimi nilikutoa njiani usiangamie. Nami sikatai." Shaibu akasema, "Mimi nilikurudisha njiani, mzee wangu, na kucheza ndiyo sijui, lakini sikatai!" Wakatazamana wakacheka, ila hakuna aliyerudi nyuma, maana kila mmoja alitamani kuwa ndugu wa nyumba ile.

Wapigaji wameinua mikono juu ya ngoma. Vumbi limetulia. Mzee Kajiru amesimama katikati ya uwanja kwa miguu yake mwenyewe, bega la kulia limeshaanza kutangulia, na mkono ameunyoosha mbele, kiganja wazi.

Mmoja aliandika wakati wote wanaogopa. Mmoja alisimamisha wakati hatakiwi. Mmoja aliamsha wakati mzee amekata tamaa. Na kila mmoja wao aliteleza.

Mkono ni mmoja, mzunguko ni mmoja. Niambieni ninyi mlioketi hapa: mkono ule ulikuwa haki ya nani?